Mwaminifu kwa Nani?

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingi huyapa majina mbalimbali. Mtunza fedha asiyegusa senti ya watu huitwa mwaminifu. Na mfuasi asiyemkimbia kiongozi wake siku ya dhiki huitwa mwaminifu vile vile. Waliolitumia neno hili zamani hawakuona haja ya kuligawa, kwa kuwa maana zote mbili zimeota katika shina moja, nalo ni amana: mali ya mtu iliyowekwa mkononi mwa mtu mwingine. Aliyeweka alijulikana, na aliyewekewa alijulikana. Kumpenda rafiki na kumtunzia mali yake ilikuwa kazi moja. Shida huanza pale amana inapowekwa na watu maelfu wasiojuana, mkononi mwa mtu mmoja, naye akaipokea kwa kupitia chama cha siasa. Hapo yawezekana mtu akawa mwaminifu kwa chama chake na, siku iyo hiyo, akawa mwizi wa walioweka amana. Yawezekana pia mwenziwe aliyesema kweli juu ya wizi huo akaitwa msaliti. Neno lililokuwa moja limepasuka vipande viwili, na kila kipande chadai kuwa ndicho chungu kizima.

Aghalabu watu wanapotaka mfano wa ushabiki wa vyama na ufisadi hutazama Marekani, ambako vyama viwili vimeshikana koo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mfano wa huko una mahali pake. Lakini wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya magharibi ya ghuba ya Mwanza, yatosha kwa kuanzia, nayo ina faida hii: mambo yaliyotokea huko yaliandikwa, yakajadiliwa bungeni, na wahusika wake walisema wenyewe waliyoyasema.

Mwaka 2006 akaunti iliyokuja kujulikana kwa jina la Tegeta Escrow ilifunguliwa katika Benki Kuu ya Tanzania. Shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa likigombana na kampuni ya IPTL juu ya malipo, na fedha za ugomvi huo ziliwekwa kando mpaka haki ijulikane. Hiyo ilikuwa amana kwa maana yake hasa. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha zilianza kutolewa. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilisoma taarifa yake: zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka, na sehemu ya mali hiyo, baada ya kupita mikononi mwa mfanyabiashara James Rugemalira aliyeuza hisa zake za IPTL, ilikuwa imefika katika akaunti za wanasiasa, majaji na hata maaskofu. Miongoni mwa waliopokea alikuwamo William Ngeleja, mbunge wa Sengerema kwa tiketi ya CCM tangu 2005, na Waziri wa Nishati na Madini kuanzia 2008 hadi 2012. Kiasi chake kilikuwa shilingi milioni 40.4. Yeye alieleza kwamba alipewa kama msaada, na hapana mahakama iliyomtia hatiani. Insha si kiti cha hakimu, na haifai kukikalia. Bunge liliazimia kwamba wenyeviti wa kamati zake waliotajwa, naye akiwa mmoja wao, waondolewe katika uenyekiti. Oktoba 2015 wapiga kura wa Sengerema walimrudisha bungeni. Julai 2017 alitangaza kwamba fedha ile yote ameirudisha serikalini.

Kurudisha ni jambo la heshima, na wengi waliopokea hawakulifanya. Lakini mwenye kutafakari hataacha kuona mpangilio wa tarehe. Fedha ilirudi mwezi mmoja baada ya Rugemalira kukamatwa, Juni 2017. Uchaguzi wa 2015, uliofika chini ya mwaka mmoja baada ya taarifa kusomwa, haukuidai. Wenye amana walikuwa na fursa ya kuuliza, na wengi wao hawakuuliza. Swali lenye uzito, basi, si lile la mbunge. Ni la mtu wa Nyampulukano aliyesimama katika foleni asubuhi ile na kadi yake mkononi, akijua yaliyosemwa, na akatia alama mahali pale pale alipotia miaka mitano nyuma. Mtu huyo si mjinga, wala hakuhongwa lazima. Ana sababu zake, na sababu zake zastahili kusikilizwa kabla ya kulaumiwa.

Sababu ya kwanza husemwa kwa neno moja: ametufanyia. Kwa miaka mingi mtu wa Sengerema aliyetaka kufika Mwanza alivuka maji kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo, na mgonjwa, mzigo wa samaki na bwana harusi walingoja foleni moja. Tarehe 19 Juni 2025 daraja lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa juu ya maji hayo. Mtu aliyeona safari yake ikikatwa kutoka saa hadi dakika hawezi kuambiwa kwamba siasa haijampa kitu. Kutoka hapo, hata hivyo, wengi huvuka hatua moja zaidi wasiyoipima: kwamba kiongozi aletaye barabara na maji amelipia mapema dhambi zake, na kwamba kumdai hesabu ni utovu wa shukrani. Huko ni kumshukuru mgeni aliyemchinja mbuzi wa mwenyeji, akampa mwenyeji paja, akajiwekea ini, kisha akangoja kupigiwa vigelegele. Daraja hujengwa kwa kodi. Pamba ya mkulima na sangara wa mvuvi wamo ndani ya nguzo zake, na asiyelijua hilo hawezi kuona jinsi anavyouziwa mali yake mwenyewe.

Sababu ya pili ni ya hofu, nayo ina methali yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hii yaweza kupitwa upesi. Methali hiyo ni faraja ya mtu aliyekwisha kubali kuliwa, na hapana mjadala ila juu ya kiasi.

Sababu ya tatu ndiyo yenye sumu, kwa kuwa huvaa nguo za wema. Husema hivi: ni kweli mwenzetu amekosa, lakini tukimtaja tutampa adui silaha, na adui akishinda nchi itaharibika, basi tumfiche kwa sasa, tutamsahihisha baadaye ndani ya vikao. Mwenye kusema hivyo haneni kwa ajili ya tumbo lake. Huamini kwamba anailinda nchi kwa kukilinda chama. Kosa la hoja hii haliko katika sentensi yoyote mojawapo, ila huonekana inapotamkwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kila upande una adui. Kila upande humwona adui kuwa msiba. Kila upande huahirisha usafi wake mpaka adui ashindwe. Na kwa kuwa katika siasa ya vyama adui hashindwi daima, huo "baadaye" haufiki. Mchuma janga hula na wa kwao, nao wa kwao hula wakiamini kwamba wanafunga.

Habari za Edward Lowassa zimeonyesha jambo hili kwa uwazi ambao mtunzi wa hadithi asingethubutu kuubuni. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga huko Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati ule, alikuwamo. Wapenzi wa chama tawala walisema ni uzushi. Miezi mitano haikutimia kabla ya kamati teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mwana-CCM, kutoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura waliopewa Richmond mwaka 2006, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa alijiuzulu. Alikana kosa, na hakupata kushtakiwa. Kwa miaka saba jina lake lilikuwa kiitikio cha mikutano ya upinzani. Julai 2015 vikao vya CCM vilikata jina lake katika mbio za urais, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amepokewa na CHADEMA, akafanywa mgombea wa muungano wa UKAWA.

Kuhama kwa mtu si ajabu. Mtu ana haki ya kuhama. Ajabu ilikuwa kuhama kwa ndimi. Waliomwita fisadi mwezi Juni walimwita mkombozi mwezi Agosti. Waliomtetea Juni, wakasema ameonewa, walipata Agosti macho makali ya kuuona ufisadi wake. Baina ya miezi hiyo hapakutokea ushahidi mpya, wala hukumu, wala toba, wala kurudishwa kwa kitu chochote. Kilichobadilika ni rangi ya shati. Basi yafaa kuuliza kama tuhuma ile, kwa wengi walioitamka, ilipata kuwa imani juu ya tendo la mtu. Mtu aaminiye kwamba fulani ameiba haachi kuamini kwa sababu fulani amebadili kadi. Kwao tuhuma ilikuwa sare, huvaliwa kwenye mkutano na kufuliwa baada yake.

Haki iwatendewe waliojaribu kutoa hoja. Wako waliosema kwamba kinachozaa ufisadi ni mfumo, si mtu mmoja. Kwamba mfumo hauwezi kung'olewa bila ya nguvu za aliyeujua kutoka ndani. Na kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Hoja hii ina kichwa na miguu, na ingekuwa na nguvu zaidi kama isingetanguliwa na orodha ya majina 11. Aliyesema jana kwamba dhambi ina majina hawezi kusema leo kwamba dhambi haina mwenyewe, asitoe maelezo. Slaa mwenyewe hakuvumilia. Septemba mosi 2015 alitangaza kujitenga na siasa za vyama, na wenzake wa jana wakampa jina ambalo siku zote huwa limeandaliwa kwa mtu wa namna hiyo. Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Machi mosi 2019 alirudi CCM, na ndimi zikahama tena, safari hii kwa uchovu. Alifariki tarehe 10 Februari 2024 akiwa ndani ya chama kilichomlea, akaombolezwa kwa heshima na pande zote.

Kiswahili cha siasa kimempa mfuasi wa namna hii jina zuri kupita kiasi: mkereketwa. Asili yake ni kukereketa, ule mwasho wa koo usiomwachia mtu nafasi ya kusema jambo jingine mpaka akohoe. Watu hulitumia kwa sifa, na hawakosei kabisa, maana chama kisicho na watu wenye mwasho hakijengi hata ofisi ya kata. Lakini mwasho si fikira.

Usukuma, hata hivyo, haukungoja vyama vya siasa ili kujua ushabiki. Tangu karne ya kumi na tisa wacheza ngoma wa huko wamegawanyika Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa. Mgawanyiko huo ni wa kweli. Mtu huwa wa upande mmoja, hurithi upande, hutumia dawa za upande wake, na baada ya mavuno pande mbili hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila mmoja akijitahidi kuwavuta watazamaji. Mshindi hapimwi kwa hotuba za manju. Hupimwa kwa wingi wa watu waliosimama upande wake; nao watazamaji hutembea. Manju akicheza vibaya, akaleta nyoka aliyelala au fisi asiyecheka, watu wake mwenyewe humwacha, wakavuka uwanja kwenda kumtazama mpinzani, na jioni wakarudi nyumbani wakiwa bado Bagika au Bagalu. Hakuna awaitaye wasaliti. Wamemwadhibu mchezaji bila ya kuukana ukoo wa ngoma yao. Siasa ya vyama imewarithisha watu wa kanda hiyo hamasa ya uwanja ule, lakini imewanyima miguu ya kuvuka.

Kwa kiasi fulani miguu hiyo imefungwa na sheria yenyewe. Chini ya Katiba ya Tanzania mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake, na mtu asiye na chama haruhusiwi kugombea kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo hilo la pili kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994 na tena 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilisema kwamba katazo hilo lavunja haki. Katazo likabaki. Matokeo yake ni kwamba mbunge aliyechaguliwa na watu wa jimbo aweza kuvuliwa ubunge na kikao ambacho watu hao hawakukichagua. Samuel Sitta, Spika aliyeacha mjadala wa Richmond uende mpaka mwisho, alishambuliwa vikali katika Halmashauri Kuu ya chama chake mwaka 2009, na nusura anyang'anywe kadi. Na mwaka 2010 chama kiliamua kwamba mgombea wake wa uspika awe mwanamke, jambo ambalo lilikuwa jema kwa wanawake na pia lilimwondoa Sitta kwa adabu. Deo Filikunjombe wa Ludewa, mwana-CCM, alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati iliyosoma taarifa ya Escrow, na alisema bungeni mbele ya mawaziri wa chama chake maneno ambayo wapinzani wangeona fahari kuyasema. Watu wa namna hiyo huitwa majasiri. Ni sifa yao, na ni aibu ya mpango unaofanya ukweli wa hesabu uhitaji ushujaa.

Lakini sheria haielezi yote, na hapa ndipo Marekani inapofaa. Huko mwanachama hapotezi kiti kwa kutofautiana na chama. Hana cha kuogopa isipokuwa wapiga kura wake. Agosti 1974, Rais Nixon alipokwisha zama katika kashfa ya Watergate, wakubwa wa chama chake mwenyewe, Barry Goldwater, Hugh Scott na John Rhodes, walikwenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo; siku ya pili yake alitangaza kujiuzulu. Miaka 46 baadaye, Februari 2020, Mitt Romney akawa seneta wa kwanza katika historia ya nchi ile kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake, na katika seneti nzima hakuwa na mwenziwe upande wake. Februari mwaka uliofuata wakawa saba. Katiba haikubadilika baina ya Goldwater na Romney. Kilichobadilika ni mpiga kura, ambaye sasa humwadhibu mbunge wake kwa kukikosa chama kuliko kwa kuikosa amana. Kumbe mlango waweza kuachwa wazi na watu wasitoke.

Hata hivyo si haki kuuhukumu utii wa chama kwa mifano ya aibu tu. Wako wanafalsafa wa barazani wasemao kwamba mtu huru hana chama, na maneno yao ni matamu kwa sababu hayajapata kufanya kazi. Serikali ya kikoloni ilikataa matawi ya TANU Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa wilaya ya Geita, ambayo Sengerema ilikuwa sehemu yake, walilikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko waliloletewa bila ridhaa yao. Maelfu yao walikwenda Mwanza kudai liondolewe, wakakaa huko siku kadhaa, wakatawanywa kwa moshi wa machozi. Wasingeweza kufanya hivyo kama watu mia mia wenye fikira mia mia. Walihitaji kushikana, na kushikana kulihitaji kwamba wengi wanyamaze juu ya tofauti zao ndogo na kwamba baadhi wamfuate kiongozi wasiyempenda. Huo ulikuwa uaminifu wa chama, na nchi ilipata faida yake.

Tofauti iliyoko kati ya uaminifu huo na ule wa 2015 yaweza kutafutwa katika swali dogo: nani aliyelipa? Mtu wa Geita alilipa mwenyewe, kwa macho yaliyowasha na shamba lililokaa bila palizi. Anayemficha mwizi wa chama chake hulipa kwa fedha ya mtu mwingine. Dawa isiyofika katika zahanati ndiyo gharama ya utii wake, na anayeibeba ni mgonjwa asiyemjua. Kipimo hiki si kamili. Vijana wengi wa upinzani walipigwa na kufungwa kwa ajili ya chama chao, na bado ndimi zao zilihama kama za wengine mwaka 2015. Maumivu ya mtu hayamfanyi kuwa mkweli. Ila kipimo hiki hukamata mengi, na hasa hukamata wakati ambapo utii ulianza kulipwa badala ya kulipa.

Wakati huo waweza kufuatwa hatua kwa hatua. Kwanza ulikuja katika ushirika. Wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga katika miaka ya 1950 chama kikuu cha ushirika kilichohesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Na mwaka 1966 tume ya serikali iliyochunguza ushirika nchini ilikuta wizi, ajira za kindugu na hesabu zisizosomeka. Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likayalegeza masharti hayo. Mwaka 1996 tume ya Jaji Joseph Warioba ilieleza kwa kirefu jinsi rushwa ilivyoenea mpaka katika uchaguzi. Mtu angetazamia kwamba sheria ya uchaguzi iliyofuata ingekaza kamba. Badala yake, marekebisho ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima: kile kitolewacho kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi kisihesabiwe kuwa rushwa. Hapo neno jingine la heshima lilipasuliwa. Ukarimu wa Msukuma au Mzinza ni wa mwenyeji kwa mgeni; haujapata kuwa wa mgeni anayefika katika gari, miaka mitano mara moja, na khanga za rangi za chama na kilo za sukari. Aprili 2006 Mahakama Kuu, kwa shauri lililofunguliwa na mashirika matatu ya haki za raia, ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vyampa mwenye fedha nafasi asiyokuwa nayo maskini. Sheria ikafutika; mkono mtupu haulambwi, husema waliobaki na desturi.

Ahadi za mwana-TANU zilimtaka mwanachama aape kwamba hatatoa wala kupokea rushwa, na kwamba cheo atakichukua kama dhamana. Chama kile hakikuona kwamba kiapo cha usafi na kiapo cha utii ni viapo viwili. Mwalimu Nyerere, aliyekiongoza tangu mwanzo, alikuja kuona kwamba ni viwili. Katika kitabu alichokiandika mwaka 1993 juu ya uongozi na hatima ya Tanzania aliwashambulia waziwazi viongozi wa chama chake waliokuwa madarakani. Na wakati wa kumtafuta mgombea wa 1995 anakumbukwa kwa kuwaambia wana-CCM kwamba chama si mama yake. Maneno hayo hurudiwa mara kwa mara, aghalabu na watu wanaohama, na hivyo maana yake imepunguzwa. Hayakusema kwamba mtu ahame. Yalisema kwamba mama hapimwi, na chama hupimwa. Mama hakuwekewa amana na mtu yeyote. Undugu wake hautokani na mapatano, na mtoto humstahi hata akikosa. Chama ni wakala. Kilipewa kazi na watu, kikampa kazi mwanachama. Na mwanachama anayemtetea wakala dhidi ya mwenye mali amesahau kazi hiyo ilitoka wapi.

Kwamba mpiga kura wa kanda ya ziwa aweza kupima lilikwisha kuonekana zamani, katika hali ambayo wengi wasingeitarajia. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja. Katika kila jimbo lililokuwa na ushindani TANU ilisimamisha watu wake wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenziwe nyumba, na kampeni ilikatazwa kugusa kabila, dini au rangi. Mengi katika mpango huo hayakuwa huru: vikao vya chama ndivyo vilivyochuja wagombea, na asiyetakiwa na vikao hakufika mbele ya watu. Lakini kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa TANU, mpiga kura hakuwa na bendera ya kuilinda wala adui wa kumwogopa. Alibaki na swali moja tu, yupi kati ya wawili hawa. Wabunge wengi walianguka. Bibi Titi Mohamed alianguka Rufiji. Bomani, Waziri wa Fedha, mtu ambaye wakulima wa pamba walimjua kuliko walivyomjua waziri yeyote, alianguka huko huko Mwanza. Watu walitaka mwingine, wakamchukua mwingine. Haukupita muda Rais alimrudisha Bomani katika Baraza la Mawaziri, akampa wizara ya uchumi na mipango.